Koplo, Vuta!

Ukimwita Mariam Poni shujaa, atakuuliza kama leo umekula, maana njaa inafanya watu waongee ovyo. Miaka ya tisini ungemkuta Oraba, pale mpakani mwa Uganda na Sudan, amekaa nyuma ya fungu la tumbaku ya majani, anagombana na madereva wa malori. Mama wa Koboko tu, kama mama yako. Kitu kimoja kilikuwa tofauti: sauti. Madereva walimwita Mama Gia, kwa sababu akiongea ungedhani lori bovu linapandisha mlima.

Hakuzaliwa nayo. Aliipata kwa siku moja, Jumatano ya mwezi wa tatu mwaka 1980, kati ya saa nne asubuhi na saa kumi na moja jioni. Kaa hapo nikuambie.

Mume wake aliitwa Laku. Alikuwa koplo kwenye jeshi la serikali ile iliyoanguka, dereva wa lori la posho. Mwaka 1979 serikali ilipoanguka, Koboko yote ilikimbia, na waliokuwa jeshini walikimbia mara mbili zaidi. Laku na Mariam walikaa Sudan miezi michache, njaa ikawachosha, wakarudi. Lakini si Koboko. Koboko hata kuku walimjua Laku kwa cheo chake. Wakaenda Manibe, pembeni ya mji wa Arua, kwa rafiki aliyewapa kipande cha shamba. Huko Laku akawa mkulima. Jembe alilishika kama usukani, lakini majirani walinyamaza, Mungu awabariki.

Tatizo lilikuwa moja. Hatua kama mia tatu kutoka kwenye boma lao, askari wa serikali mpya waliweka kizuizi barabarani. Wengine walikuwa Watanzania, wengine vijana wa kwetu Uganda waliorudi na hasira. Askari wa zamani akijulikana, alipandishwa lori. Wengi waliopandishwa hawakurudi. Kwa hiyo neno "koplo" halikutajwa kwenye ile nyumba, hata usingizini.

Sasa, Jumatano hiyo asubuhi Laku alipanda juu ya ghala la mtama kubadilisha nyasi. Akaanguka. Mguu ukavunjika chini ya goti, ukageukia upande ambao miguu haigeukii.

Mariam alimziba mdomo kwa kanga kabla hajapiga kelele. Halafu akatuma mtu kumwita Drateru.

Drateru alikuwa mtu wa Manibe, Mlugbara mwembamba, na watu walimwita daktari. Ukweli, alikuwa anafua mashuka kwenye hospitali ya jeshi. Siku ya kukimbia, wengine walibeba bunduki, wengine magodoro, yeye alibeba sanduku la dawa. Kwetu ukiwa na sindano wewe ni daktari, mambo ya cheti baadaye. Vidonge watu wanavitazama kama peremende. Sindano ndiyo dawa, na ikiuma zaidi ndiyo imeiva zaidi.

"Hii mufupa lazima nivute," alisema Drateru. "Nikivuta, yeye atalia. Akilia, wale wa barabara watasikia."

"Basi piga sindano ya kunyamazisha," alisema Mariam.

"Iko. Iko moja kali sana. Ya watu ya vita."

Akatoa vichupa vidogo vya kioo, akavunja kimoja shingo, akamchoma Laku kwenye paja. Wakangoja. Laku akaendelea kuuma kanga. Drateru akangoja kidogo tena, kama mtu anayengoja chai ichemke.

"Hapana shika," alisema.

"Ongeza."

Akaongeza. Bado Laku alikuwa anakunja uso. Na barabarani lori la askari likasimama, wakasikia vicheko vyao vizuri kabisa. Mariam akamwangalia Drateru. Drateru akavunja cha tatu.

Ndugu yangu, hapo ndipo kosa lilipoingia. Dawa ile ikichomwa kwenye nyama haikimbii. Inakwenda kwa mguu, pole pole, robo saa, nusu saa. Walidhani imeshindwa, kumbe ilikuwa njiani. Na nyuma yake walituma nyingine mbili.

Mfupa ulivutwa, ukafungwa na vijiti. Laku hakulia hata kidogo. Walifurahi. Drateru aliomba waragi, ile pombe yetu kali, akapewa.

Ndipo Mariam akasikia kimya.

Si kimya cha mtu aliyelala. Mtu aliyelala anakoroma, anameza mate, kifua kinapanda. Laku alikuwa amelala chali, kifua hakiendi popote. Halafu pumzi moja ikaja, ndogo, kama mtu aliyekumbuka kitu. Halafu hakuna. Midomo yake ilianza kuwa na rangi ya jivu.

"Baba Afisa!" Afisa ni binti yao, wakati huo alikuwa kwa bibi yake Sudan. "Baba Afisa, vuta pumzi!"

Laku akavuta. Macho nusu wazi, vile vitobo vya katikati vidogo kama ncha ya sindano. Alivuta, akaachia, akasimama tena.

Sasa wewe unayesoma, ziba pua na ufunge mdomo. Fanya tu, hakuna anayekuona. Mwanzo unajiona bingwa. Baada ya nusu dakika kifua kinaanza kupiga teke, na hata ukijikaza namna gani, mwisho utaachia. Nani alikushinda? Ni mlinzi. Anakaa ndani, hapo juu ya kisogo, na kazi yake ni moja: kunusa damu. Hewa chafu ikirundikana, ile tunayoitoa nje, anapiga kengele: vuta! Hakuulizi. Ukilala anapiga, ukigombana anapiga, ukiwa unaandika matusi kwenye simu anapiga. Hewa safi ikipungua hashtuki haraka. Ile chafu ndiyo inamwamsha.

Lakini kuna bosi mwingine, yuko juu zaidi, kwenye ubongo wa kuamua mambo. Huyo ndiye unamtumia ukipuliza moto, ukiimba, ukizamisha kichwa mtoni. Huyo unaweza kumwamuru.

Ile dawa ilimlewesha mlinzi wa Laku. Hewa chafu ilirundikana mlangoni, na yeye anasema "bado, bado." Yule bosi wa juu alikuwa nusu macho. Akiambiwa, anafanya. Asipoambiwa, hana habari.

Drateru hakuyajua yote haya, lakini alikuwa ameona. "Kule hospitali ya jeshi," alisema, na waragi imemtoka kichwani yote, "mutu moja alifanya hivi. Mukubwa wetu alikaa karibu na yeye. Kila saa alimwambia, vuta, vuta. Mupaka dawa kwisha."

"Kwisha saa ngapi?"

"Kama jioni."

Ilikuwa saa nne na nusu asubuhi.

Drateru alijaribu kumpulizia mdomoni. Hakujua kuinua kidevu, hewa ikaenda tumboni, tumbo likajaa kama mpira. Akaacha. Ikabaki sauti.

Mariam akapiga magoti pembeni ya kitanda. "Vuta. Achia." Anahesabu mpaka tano. "Vuta. Achia." Fanya hesabu mwenyewe: mara kumi kwa dakika, dakika sitini, na jioni iko mbali kama Kampala.

Mwanzo Laku aliitikia ile sauti ya mke, ya taratibu. Baadaye kile kichupa cha tatu kikafika, na taratibu haikutosha. Akamwita kwa jina. Akamwita jina la baba yake. Akamtukana. Akamfinya sikio. Alipomwambia ng'ombe wote wa ukoo wao walikufa kwa uvivu wake, Laku alivuta moja, akaacha nyingine mbili zipite.

"Mama Afisa, anakwenda," alisema Drateru. "Anakwenda huyu mutu."

Mariam alikaa na mume wake kambi ya jeshi miaka saba. Kila asubuhi kabla ya jua, alisikia wanaume mia tatu wakiitwa kwa sauti inayovunja vikombe, na wote wanaruka. Laku anayelala kama gogo, ambaye mtoto akilia hasikii, alikuwa anaruka kabla macho hayajafunguka. Mwili ule ulifundishwa na mtu mwingine, si yeye. Akajua neno gani linatakiwa. Akajua pia kizuizi kiko hatua mia tatu.

Akavuta pumzi mpaka tumboni.

"KOPLO LAKU! VUTA!"

Laku akavuta pumzi nzima, kifua kikapanda kama mkate. Hata mabega yalitaka kukaa sawa pale kitandani.

Drateru akajifunika masikio. "Wewe utatuua!"

"KOPLO! ACHIA!"

"Sema pole pole basi!"

"Pole pole yeye hapana sikia! KOPLO! VUTA!"

Kila mara alipojaribu kushusha sauti, Laku alibaki chini. Alipopandisha, Laku alikuja. Wale watu walipiga sindano tatu ili pasiwe na kelele, na sasa mke wa nyumba anatangaza cheo cha mume wake mara kumi kwa dakika, mchana kweupe. Ukicheka nakuona. Mimi pia nilicheka mara ya kwanza kusikia, halafu nikajaribu kupiga kelele kama hiyo dakika tano tu. Koo langu liliomba msamaha.

Ikafika saa sita. Saa saba. Rangi ya jivu ilitoka midomoni, ikarudi, ikatoka. Sauti ya Mariam ilianza kupasuka pembeni kama kitambaa.

Saa saba na nusu Drateru, aliyekuwa mlangoni, alisema neno moja: "Askari." Halafu akapita dirisha la nyuma na sanduku lake, na mihogo ikamfunika. Daktari kaenda.

Walikuwa wawili. Wa mbele alikuwa sajenti, Mtanzania, mtu mzima mwenye kipara, mashavu yamechomwa na jua. Mwenzake alibaki penye ua na bunduki. Mariam alimwambia Laku mara ya mwisho, "Vuta," akatoka nje haraka ili wasiingie. Na kichwani akaanza kuhesabu. Moja. Mbili.

"Hujambo, mama."

"Sijambo, afande." Nne. Tano.

"Tangu asubuhi tunasikia hapa kuna mtu anamwita koplo. Tukasema labda kuna kambi mpya hatujaambiwa. Nani koplo?"

Nane. Tisa.

"Iko mbuzi yangu."

Sajenti alimwangalia. "Mbuzi."

"Ndiyo, afande. Jina yake Koplo." Kumi na mbili.

"Na unamwambia mbuzi avute. Avute nini, mama?"

"Kamba. Yeye iko na tabia mbaya." Kumi na sita.

Yule wa penye ua alicheka kwa pua. Sajenti hakucheka, lakini alikuna kipara.

"Naomba nimwone huyu mbuzi. Mbuzi mwenye cheo sijapata kumwona."

"Amekwenda kula." Ishirini na mbili. "Atarudi jioni. Afande rudi jioni." Ishirini na tano.

"Mama, mbona unatetemeka?"

"Iko baridi."

Saa saba ya mchana, mwezi wa tatu, Manibe. Baridi. Ishirini na tisa. Ndani ya nyumba hakukuwa na sauti yoyote. Alikuwa anamsikia sajenti anasema kitu kuhusu mihogo, anamwona anainama kuokota kitu karibu na mlango. Thelathini na nne. Akaona midomo ya Laku bila kuiona. Thelathini na nane.

Arobaini ilipofika, aliwageuzia mgongo askari wawili wenye bunduki, akakimbia ndani.

Laku alikuwa wa buluu. Mariam alifungua mdomo: Koplo Laku, vuta.

Haikutoka. Ilitoka hewa tu, kama tairi. Akajaribu tena. Hewa. Saa tatu za kupiga kelele, na koo lilichagua dakika hiyo kufunga duka. Akampiga Laku kofi. Akampiga tena. Sajenti alikuwa mlangoni, na mkononi ana vichupa vitatu vya kioo, shingo zimevunjwa.

Hapo Mariam alikuwa na vitu viwili tu: siri na mume. Kimoja lazima akitoe.

Akamshika sajenti mkono, akamvuta mpaka kitandani. Alinong'ona, na kunong'ona kwenyewe kulikuwa kama kukwaruza ukuta. "Afande. Hapana mbuzi. Ni bwana yangu. Koplo Laku, dreva, jeshi ya zamani. Sauti yangu kwisha. Wewe muite. Na nguvu. Muite!"

Sajenti alitazama vichupa. Alimtazama Laku, akamfunua jicho moja kwa kidole. Vita ilikuwa imemfundisha vitu.

"Mofini," alisema. "Mmempiga tatu? Mmelogwa?" Halafu akainama, na sauti iliyotoka kwenye kile kipara ilifanya mavumbi yaanguke kwenye nyasi za paa.

"KOPLO! VUTA PUMZI! NANI KAKUPA LIKIZO?"

Laku akavuta. Oh, alivuta. Ilikuwa na sauti ya mlango wenye kutu.

"TOA! VUTA! Nasema VUTA, wewe!"

Mariam alikaa chini kwenye udongo. 

Sajenti alivuta kigoda, akaweka bunduki magotini, akaendelea. Kati ya amri moja na nyingine alimhoji yule mama, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayepukuchua mahindi huku anapiga soga.

"Alipigana wapi? KOPLO, VUTA."

"Hakupigana. Alibeba posho. Unga na maharage."

"TOA. Wote wanasema walibeba maharage. Jeshi zima la maharage, sijui nani alikuwa anatupiga risasi. VUTA."

"Basi mimi nitasema nini, afande? Niseme alibeba ndizi?"

"TOA." Sajenti alifikiri kidogo. Akainama sikioni kwa Laku. "Koplo! Jibu! Gari lako lilibeba nini?"

Mariam aliganda. Mtu katika hali ile hapangi uongo. Anayeamriwa kuvuta anavuta, na anayeamriwa kusema atasema. Kama kuna kitu Laku hakuwahi kumwambia mke wake miaka saba yote, kingetoka sasa hivi, mbele ya bunduki. Akaona midomo inasogea.

"Maharage, afande," alisema Laku, macho yamefunga.

"Na nini?"

"Unga."

"Na nini tena? Sema kweli!"

 Sajenti ilibidi amwamuru avute kwanza ndipo apate hewa ya kujibu.

"Kitanda ya kapteni," alisema Laku. "Na kabati. Na bibi ya kapteni, na kuku yake. Alinitukana njia yote."

Yule mwenzake, aliyekuwa ameshasogea mlangoni, aliangua kicheko mpaka akaegemea ukuta. Hata sajenti, mabega yalimtikisika. "VUTA, koplo. Pole sana. TOA."

Walibadilishana, sajenti na mwenzake, mpaka jua likaanza kulala juu ya Zaire. Saa kumi na moja Laku alianza kukunja uso, mguu unaanza kumuuma. Mariam hakuwahi kufurahia maumivu ya mtu kama siku ile. Sajenti akainua mkono.

"Sasa tunyamaze. Tuone."

Wakanyamaza. Mariam akahesabu kwa vidole. Tano. Sita. Kifua kimelala. Nane. Alitaka kupiga kelele na hakuwa na kitu cha kupigia. Alimwangalia sajenti: muite. Sajenti akatikisa kichwa: ngoja. Hewa chafu lazima irundikane kwanza, ndipo mlinzi aamke, na kama haamki leo, basi. Kumi na moja. Kumi na mbili.

Kifua kikapanda. Hakuna aliyekiambia. Kikashuka. Kikapanda tena.

Sajenti alisimama, magoti yakalia. Alipanga vile vichupa vitatu kwenye kizingiti, kwa mstari, halafu akavisaga kimoja kimoja kwa buti.

"Mimi nimekuta mkulima aliyeanguka ghalani," alisema. "Lakini zamu yangu hapo barabarani inaisha Jumamosi, mama. Wanaokuja siwajui. Umenielewa?"

Mariam aliitikia kwa kichwa. Alitaka kusema asante, ikatoka hewa.

"Na huyo daktari wenu wa mihogoni, mwambie nikimkamata nitamchoma yeye tatu."

Ijumaa alfajiri waliondoka kwenda Zaire. Drateru alirudi mwenyewe, ameinamisha kichwa, na baiskeli. Hakuongea juu ya kukimbia kwake, na Mariam hakuwa na sauti ya kumtukana, kwa hiyo alimtukana kwa macho. Laku akakalishwa nyuma kwenye keria, mguu umenyooshwa kwenye kijiti. Drateru alisukuma usukani, Mariam alishika keria. Njia nyingine haikuwepo kwa mtu asiyeweza kutembea: ilibidi wapite kizuizini.

Sajenti hakuwepo, alfajiri haikuwa saa yake ya kulinda. Alikuwepo askari mwingine, wa kwetu, miwani nyeusi na jua halijatoka vizuri.

"Simama! Nyinyi nani?"

Drateru alikuwa anatetemeka mpaka kengele ya baiskeli inalia. Mariam alifungua mdomo, akaufunga. Askari akamwelekea Laku, akapaza sauti, ile ile sauti ya uwanjani.

"Wewe! Jina!"

Mariam aliona mgongo wa Laku unanyooka peke yake. Aliona kidevu kinapanda. Mwili ule ulikuwa tayari kujibu kabla ya mwenyewe, kama miaka yote, na jibu lake lilikuwa na cheo mbele. Akamfinya kiunoni, na kucha zote tano.

Laku akavuta pumzi. Akaishika hapo juu, kwa makusudi, sekunde moja, mbili.

"Laku," alisema, akiachia. "Mukulima."

"Mguu?"

"Nilianguka kwa ghala ya mutama. Huyu bibi alinipandisha juu asubuhi na njaa."

Askari alimwangalia Mariam, aliyekuwa amekunja uso kama mtu wa kuua, na hilo hakuwa anaigiza. "Wanawake," alisema, akainua mti wa kizuizi.

Walipita. Mariam alikuwa ameweka kiganja mgongoni kwa Laku, anahesabu zinavyopanda na kushuka. Ishirini. Ishirini na moja. Alifika ishirini na mbili, halafu hesabu ikampotea, kwa sababu njia ilianza kuteremka na baiskeli ilitaka mikono miwili.